Duka Lililoangalia Barabara

Asembo Bay,
Jumatatu, 15 Januari 1973

Kwako rafiki yangu Benta,

Salamu nyingi kuliko mbu wa kwenu, na nimeshajua kwamba hao si wachache.

Nakuandikia nikiwa nyuma ya duka, nimekalia kreti ya soda, mgongo ukutani. Mbele siketi. Mbele kuna barabara, na kila anayepita ananitazama kama anayetazama kinyonga. Wananisalimu kwa Kijaluo, na yale majibu uliyonifundisha yanakimbia yote. Jana mzee mmoja alinisalimu, nikamjibu "Asante." Bado naona haya.

Nadhani Baba alitukosea sisi wawili. Wewe mwenye mdomo ndiye ungekuja huku kwenu kuuza, na mimi nibaki Kisumu nijifiche nyuma ya mizani tukingoja matokeo ya mtihani. Lakini alisema pesa zishikwe na mtu wa nyumbani, na barua ziandikwe na mtu mwenye mwandiko, na mwandiko ni wako. Basi wewe unalala kitandani kwangu na mimi nalala kwako. Kitanda chako kina shimo katikati. Hukuniambia.

Nyumba aliyonunua Baba ni nzuri, sitaki kusema uongo. Ni ya mawe, mabati mapya, vyumba vitatu vikubwa, na milango mitatu ya chuma imepakwa rangi ya kijani. Yote inaangalia barabara. Upande wa nyuma, unaoelekea ziwani, ni ukuta mtupu, hata dirisha hakuna. Chumba kimoja Baba amejaza kamba za ng'ombe, dawa ya kupe, kofia pana za wachuuzi wa mifugo, na soda. Viwili vinangoja wapangaji.

Unajua kwa nini kamba za ng'ombe? Alinieleza siku ile naondoka. "Gakenia, siku niliyoenda kuiona nyumba ilikuwa Jumamosi. Ng'ombe walipita hapo mbele, wengi, vijana wanakimbia nao wakiimba. Mabasi ya Nairobi yameegeshwa mpaka mashambani. Watu wamevaa suti! Nikamwuliza muuzaji, kila Jumamosi ni hivi? Akasema, Mzee, leo umeona kidogo." Hapo hapo Baba akatoa akiba yake yote ya tangu tuhamie Kisumu kutoka Nyeri.

Basi juzi Jumamosi nilipanga soda mbele, nikavaa gauni la kanisani, nikangoja soko la ng'ombe. Alipita mbuzi mmoja. Hakununua kitu.

Mama yako ananitunza vizuri sana. Jioni ananiletea uji, na anajua kwamba samaki sili. Baba aliniapisha, unajua alivyo: "Samaki asivuke mlango wangu." Kwetu Nyeri hata bibi yangu alikuwa akiona samaki anasema ni nyoka aliyenenepa.

Ndani nimeweka karatasi ndogo ya Baba. Msomee wewe, maana miwani aliyoikalia Krismasi bado hajanunua nyingine. Nimeandika, "Baba, biashara si mbaya." Nilikaa na kalamu muda mrefu, Benta. Nilikumbuka alivyonifungia funguo kwenye leso yake, akanifinyia mkononi kama mtu anayekabidhi mtoto. Sikuweza kuandika zaidi ya hapo.

Barua hii anakuletea Dalmas, kondakta wa basi la asubuhi.

Wako,
Gakenia


Duka la Mureithi na Wana,
Kibuye, Kisumu,
19 Januari 1973

Kwa binti yangu Gakenia,

Mimi babako ni mzima, mama yako Bilha ni mzima, duka ni zima. Benta anaandika, mimi nasema. Karatasi yako ilisomwa mbele yangu mimi na mama yako na Waweru wa viatu. Nimefurahi mpaka nikampa Waweru chai ya bure.

(Ni kweli. Mimi Benta naandika hii Mzee akipima sukari ya mtu. Waweru alishtuka, akauliza kwani leo ni Krismasi tena.)

Wewe si mtoto wa maneno. Hata ulipokuwa wa kwanza darasani ulituambia tu umepita. Kwa hiyo ukiniambia biashara ni nzuri sana, mimi najua watu wanapigana mlangoni.

Nimeamua hivi. Hao wachuuzi wa ng'ombe wanalala wapi? Nimefikiria hilo jambo mpaka usingizi umekataa. Nitajenga orofa juu ya hiyo nyumba, vyumba vya wageni, kila chumba kitanda, beseni na taulo. Meneja wa benki amekubali kunipa mkopo, mimi nimpe hati ya hili duka la Kisumu aishike. Natia sahihi Ijumaa tarehe tisa Februari. Wewe unajua kuchora. Nichoree mahali ngazi itapita.

Na samaki, nakukumbusha. Mtu hawezi kulipia kitanda halafu anuse samaki usiku kucha.

Babako,
Mureithi

(Mzee amekwenda kwa jirani kupiga simu, sasa karatasi ni yangu. Gakenia, mjini ni raha. Mama yako ananilisha githeri mpaka nimeota mashavu mengine. Jana nilimuuzia mama mmoja sufuria tatu na alikuwa amekuja kuuliza njia. Hilo shimo la kitanda lala pembeni, ndivyo mimi hufanya. Halafu, hiyo Jumamosi ya ng'ombe na suti ilikuwa ya lini? Nimemwuliza Mzee kwa upole, anasema Agosti, wiki ya pili. Haya. Mimi sijasema kitu. Nisalimie Mama. Benta.)


Asembo Bay,
29 Januari 1973

Benta,

Sikuandika "nzuri sana." Niliandika "si mbaya." Nimesoma barua yenu mara nyingi. Hati ya duka la Kisumu! Benta, hapo si duka tu, hapo ndipo tunapolala. Vyumba vya juu visipopata wageni, benki itachukua na kitanda unacholalia.

Na wageni hawatakuja. Sasa najua kwa nini.

Jumamosi ya tatu ilipopita bila ng'ombe, nilimwuliza mama yako. Unajua mimi kuuliza ni kazi. Nilianza asubuhi, nikamaliza swali jioni. Nikamwambia Baba aliona nini hapa Agosti. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliweka kibuyu chini. Akasema, "Mabasi ya Nairobi?" Ndiyo, Mama. "Vijana wanakimbiza ng'ombe, wanaimba?" Ndiyo, Mama. "Watu wa suti?" Ndiyo.

"Mtoto wangu," akasema, "huyo babako alikuja kwenye matanga ya Obiero."

Matanga ya babu yako, Benta! Akanieleza kwamba ng'ombe wale hawakuwa wa kuuza. Ni desturi, mzee mkubwa akifa wanaume hukimbiza ng'ombe wakiimba, kufukuza kifo kitoke bomani. Na mabasi yalileta watoto wake na wajukuu wake na kwaya mbili. Halafu alianza kucheka. Alicheka akaketi chini. Akawaita wenzake wanaotoka ziwani, naye anawaeleza kwa Kijaluo, na kila mmoja akifika mahali pa "leo umeona kidogo" anapiga paja. Mimi nimesimama hapo natamani ardhi inimeze. Lakini, nikuambie ukweli, mwishowe na mimi nilicheka. Mara ya kwanza tangu nifike.

Kuna mambo mengine, na haya usimsomee mtu.

Kwa vile nakaa nyuma, naona mambo ambayo aliyeketi mbele haoni. Hapa nyuma ndipo kuna njia. Akina mama wote wanaokwenda ufukweni kungojea mitumbwi wanapita hapa, na wakirudi na mabeseni ya omena wanapita hapa, na wanapoanika omena zao ni hapa hapa, kwenye mawe. Ni watu wengi! Wanahitaji chumvi, mafuta ya taa, kibiriti, sukari. Lakini kuja dukani ni lazima wazunguke ua wote wa katani na beseni kichwani, kwa hiyo hawaji. Wananunua kwa mtu wa baiskeli.

Wiki jana mvua ilishuka ghafla na omena zote zilikuwa nje. Omena zikilowa zinaoza, na kazi ya siku mbili inakwenda. Nilisikia wakipiga kelele, nikakimbia mbele nikafungua vile vyumba viwili vitupu. Sikufikiri. Walizunguka ua wote na magunia, mabeseni, watoto, wakajaza mpaka mlangoni. Omena kavu tu, Benta, lakini ni samaki. Wamevuka mlango wa Baba. Tangu siku hiyo wanayaacha magunia humo mpaka siku ya basi la mizigo, na kila mwenye gunia ananipa senti. Mimi sikuwaomba. Agneta, yule mnene rafiki wa mama yako, alisema, "Hata kuku akilala kwa mtu huacha yai."

Na nimekula samaki. Ngege, wa kuchemsha na nyanya. Mama yako alinipa nikashindwa kukataa, nikafumba macho. Nilirudia. Usimwambie mtu yeyote mpaka nife.

Sasa nakuomba, mweleze Baba habari za matanga. Wewe una mdomo. Wewe unaweza.

Gakenia


Kibuye, Kisumu,
2 Februari 1973

Gakenia wangu,

Mdomo nimeutafuta, sijauona.

Jumatano nilianza. Nilisema, "Mzee, ile Jumamosi ya Asembo..." akanikatiza, "Eeh! Ile Jumamosi!" akaanza kumweleza mteja mmoja upya, ng'ombe wale, suti zile, na anaonyesha kwa mikono vumbi lilivyokuwa. Mteja anasema eh, eh. Mama yako anamtazama vile anavyofurahi. Ningesema nini? "Mzee, hilo vumbi ni la kumlilia babu yangu"?

Tena nikuambie, maana hata mimi nimechoka kunyamaza. Nilijua. Nilipopata barua yako ya kwanza, nilipofika hapo pa mabasi na suti, nilijua. Nilikuwako, Gakenia, nimevaa nyeusi, naimba soprano! Pengine babako alipita mbele yangu. Ndiyo maana nilimwuliza tarehe. Halafu nikanyamaza, kwa sababu ningesema, duka la Asembo lingefungwa, wewe ungerudi, na mimi ningerudishwa kwa shimo langu. Mjini nimepapenda.

Na la pili. "Nzuri sana" nilitia mimi. Uliandika "si mbaya," nikaona ni maneno makavu kama omena za juzi, na ni kwetu unapozungumzia. Nikasoma, "Biashara ni nzuri sana, Baba, watu wa Asembo ni wakarimu kupita kiasi." Ulimi uliteleza kwa furaha. Sikujua mtu atajenga orofa juu ya ulimi wangu.

Usinikasirikie. Au nikasirikie mpaka Jumapili, halafu basi.

Babu angeyasikia haya angefurahi. Alikuwa mtu wa kupenda watu wengi. Hata akiwa maiti ameuza nyumba.

Mimi siwezi kumwambia mzee wa umri wa baba yangu kwamba alidanganywa na jeneza letu. Mwandikie wewe. Andika yote, kwa Kiswahili ili niweze kusoma, na nakuapia nitasoma kila neno lilivyo. Sitaongeza hata chumvi. Ijumaa ijayo ndiyo ya kutia sahihi. Mpe Dalmas barua Jumatatu, usichelewe.

Wako mkosaji,
Benta


Asembo Bay,
5 Februari 1973

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Ni kwa ajili ya msomaji.

Baba, mbele yako mimi huwa sina sauti. Ukiniuliza kitu, jibu linakuja nikiwa nimeshalala. Kwa hiyo nakuomba uisikilize hii karatasi kama ingekuwa ni mimi nimesimama hapo karibu na mizani, na usiniangalie sana.

Biashara ya hapa ni mbaya. Kamba nimeuza moja, tena ni ya mtu kufungia mlango. Kofia hakuna. Jumamosi hakuna soko la ng'ombe na halijawahi kuwako, hupita mbuzi mmoja tu. Siku ile uliona matanga ya mzee mmoja mkubwa, Obiero, babu yake Benta anayekusomea sasa. Ng'ombe walikuwa wa desturi, mabasi yalikuwa ya jamaa. Muuzaji alijua. Hujakosea kwa sababu huna akili, Baba. Kwetu mtu huzikwa na watu wachache na kila mmoja anarudi shambani. Nani angekuambia kwamba mahali pengine watu wengi hivyo wanakuja kwa sababu ya mmoja ambaye hayuko?

Tafadhali usitie sahihi. Hiyo hati ni ya nyumbani kwetu. Hili kosa moja lina mawe na mabati, tunaweza kulishika na kulitazama. Tukiweka orofa juu yake litakuwa makosa mawili, moja limembeba mwenzake.

Kuna njia ya kuiponya hii nyumba lakini siwezi kuieleza kwa kalamu, mpaka uione. Njoo. Usije Jumamosi, wala siku ya sherehe. Njoo Jumanne, siku isiyo na lolote. Ukae mbele ya duka kwanza. Halafu uzunguke nyuma.

Ukifika utasikia harufu. Ni omena. Nimewaingiza mimi wakati wa mvua, na bado wamo. Nimekuvunjia neno lako na sijajua kama najuta.

Mimi binti yako,
Gakenia


Kibuye, Kisumu,
Ijumaa, 9 Februari 1973

Gakenia,

Haraka haraka, Dalmas ananipigia honi.

Nilisoma. Kila neno. Nilipofika "babu yake Benta anayekusomea sasa" nilitamani kuingia kwenye gunia la maharagwe. Mzee akainyooshea karatasi kidole. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Mama yako amesimama na mwiko. "Soma pale pa 'biashara ni mbaya.'" Nikasoma. Akaniuliza, "Na ile ya kwanza, ilisema nzuri sana?" Gakenia, nilimwambia ukweli. Nilisema Mzee, nzuri sana ilikuwa yangu. Alinitazama mpaka nikahesabu mende wote wa dari.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Leo asubuhi amevaa koti na kofia, amechukua bahasha ya hati na barua yako, akatoka. Mama yako akamwuliza, "Unaenda benki?" Akasema, "Naenda kuona."

Kuona nini? Mpaka sasa ni saa nane na hajarudi. Mama yako ameunguza githeri mara ya kwanza tangu nimjue.

Omba Mungu. Mimi naomba wa kwetu na wa kwenu.

Benta


Asembo Bay,
Jumatano, 14 Februari 1973

Benta, Benta,

Amekuja!

Najua kwamba unajua, maana ulimwona akipanda basi. Lakini hujui yaliyotokea huku, na Baba hatakueleza vizuri, kwa hiyo kaa chini.

Kwanza nilimwona anashuka na miwani mpya usoni. Nilidhani ni mkaguzi wa afya. Kumbe Ijumaa alifika mpaka mlango wa benki, akasimama na bahasha yake, akageuka akaenda kwa Mhindi wa miwani. Aliniambia, "Sijawahi kupata barua ndefu kutoka kwako. Nikaona niisome mwenyewe kabla sijatia jina langu mahali." Alingojea pale kwa Mhindi mpaka miwani ikawa tayari. Ndipo aliposoma. Benki hakurudi tena.

Jana, basi, alifanya kama nilivyomwandikia. Aliweka kiti mbele ya milango mitatu akakaa, kofia magotini, tangu asubuhi. Walipita baiskeli mbili, katekista, na yule mbuzi. Baba akamwangalia yule mbuzi mpaka akaishia konani. Akaniuliza, "Ni huyu?" Nikasema ni huyu.

Halafu akazunguka nyuma.

Mitumbwi ilikuwa ndiyo imefika. Unajua kwenu wakati huo kulivyo. Akina mama wamejaa kuanzia majini mpaka ukutani kwetu, mabeseni, vitoto, mtu wa baiskeli anauza sukari kwa vipimo vya wizi. Na yule mzee wangu wa Nyeri amesimama katikati na koti lake, miwani inang'aa. Mama yako akajifuta mikono, akaja mbele. Mimi nikajua sasa tumekwisha.

Akasema, "Karibu, Mzee. Ni wewe ulinunua matanga yetu?"

Benta, nilifumba macho. Nikasikia Agneta akijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Baba akavua kofia. Akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake, "Ni mimi, Mama. Tena nililipa kuliko watu wote waliokuja. Na hata ugali wa matanga sikupewa."

Walilipuka! Mtu mmoja aliangusha beseni. Mama yako akamshika Baba mkono kama shemeji yake, akasema, "Ugali wako upo, Mzee. Hatujakula fungu la mtu." Wakamketisha juu ya kreti yangu ya soda, hapo hapo nyuma ya duka. Wakaleta ugali. Na ngege mzima, kichwa na mkia.

Baba alimwangalia ngege. Ngege alimwangalia Baba. Nikataka kusema, Mama, yeye hali, lakini unajua sauti yangu. Kabla haijatoka, Agneta akasema, "Mzee, chakula cha matanga hakikataliwi, marehemu atakufuata mpaka Kisumu." Baba akanitazama mimi. Nadhani aliona kitu usoni kwangu, maana akauliza kwa Kikikuyu, "Wewe umekula?" Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi, akavunja kipande kidogo kama kidonge.

Alipomaliza, palikuwa na mifupa tu.

Baadaye ndipo alipokuwa Baba yule wa kazi. Akaingia kwenye vyumba vya omena, leso puani mwanzo, halafu bila leso. Akauliza gunia moja linakaa siku ngapi, mvua ikinyesha wanafanyaje, nani ana magunia mengi. Mama yako anajibu, mimi natafsiri panapokwama, Benta, mimi! Kijaluo kinanitoka vibaya lakini kinanitoka. Mwisho akagonga ule ukuta wa nyuma kwa vidole, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Akasema, "Gakenia, kwa nini hawa watu walijenga nyumba imeligeuzia ziwa mgongo?"

Nikasema, "Hata sisi tulitazama barabara tu, Baba."

Akacheka. Baba yangu, Benta.

Leo fundi Dishon ameanza kubomoa. Tunafungua mlango mmoja mkubwa nyuma, na dirisha la kuuzia. Vyumba viwili vitakuwa stoo za omena, mama yako na Agneta na wengine watalipa kila mwezi. Kamba za ng'ombe zimepata wenyewe, wavuvi wanafungia mitumbwi. Dawa ya kupe na kofia sijui. Kofia moja Agneta amevaa anapoanika.

Na wewe, amekusamehe. Alisema, "Yule Benta ni mwongo wa heshima, lakini anauza sufuria." Utabaki mjini.

Mimi sijakusamehe bado. Ngoja Jumapili.

Gakenia


Kibuye, Kisumu,
27 Aprili 1973

Kwa Gakenia,

Hii naandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu na miwani yangu. Benta amekatazwa kugusa. Ukiona makosa ni yangu yote.

Matokeo yenu yametoka. Mmepita, wewe na yeye. Wewe umepita sana, na hapa nasema sana kwa sababu nimeona kwa macho. Benta alipiga kelele mpaka askari wa soko akaja kuuliza nani amepigwa. Mama yako alilia kidogo akaendelea na kazi.

Hesabu ya Asembo nimeiona. Haijarudisha pesa yangu na itachukua miaka. Lakini kila mwezi inaleta, haichukui. Ile milango mitatu ya mbele funga. Rangi yake ni nzuri, acha watu wa barabara waiangalie.

Nakupa habari ya Waweru. Wiki jana alikuja hapa mbio mbio, jasho. Ameona ploti Mamboleo na jengo lake, anauziwa bei ya kutupa, anataka nimkopeshe. Anasema, "Mureithi, ungeona watu! Magari! Wamejaa mpaka barabara haipitiki!" Nikamwacha akamaliza. Nikamtengenezea chai. Nikamwuliza, "Waweru, umeuliza nani amekufa?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Chai hakumaliza. Amekwenda kuuliza, mpaka leo hajarudi kuomba pesa.

Sasa neno langu kwako. Mimi ni mtu wa kelele, nikajaza nyumba sauti yangu, ukakosa pa kuweka yako. Nimeiona. Kuanzia sasa ukiniandikia kwamba kitu "si mbaya," nitafunga duka na kupanda basi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo niandikie vizuri, nauli imepanda.

Yule samaki uliyempa Dalmas, amefungwa kwa majani na gazeti, amefika. Mama yako alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwisho alichukua mkia. Mimi sitaki kukuzungusha, kwa hiyo naandika lilivyo: samaki alikuwa mtamu. Leta wawili.

Babako,
Mureithi